Litungu na Gita Kavu: Bungoma na Kitale Zangoja Nini?

Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Kimarekani iitwayo Olvido Records, ikishirikiana na ndogo mwenziwe, Mississippi Records, ilitoa sahani ya santuri yenye nyimbo za George Mukabi. Sahani hiyo inaitwa Furaha Wenye Gita, na yaliyomo yalinakiliwa kutoka sahani kuukuu zilizotolewa Kenya kabla ya uhuru. Olvido ni neno la Kihispania, na maana yake ni usahaulifu. Jina hilo lina kejeli yake, kwani aliyesahau hapa si Mmarekani.

Msomaji wa pwani huenda akauliza, Mukabi ni nani, na mambo ya Waluhya wa bara yatuhusu nini sisi? Swali ni la haki.

Mukabi alikuwa mtu wa Kisa, upande wa Kakamega. Alipiga gita kavu, yaani gita lisilotiwa umeme, kwa mtindo uitwao omutibo: dole gumba linashika nyuzi nene na kwenda nalo mwendo mmoja usiokatika, ilhali kidole cha shahada kinachukua sauti ya wimbo juu yake. Kando yake anakaa mwenzake na chupa ya soda, ile ya Fanta yenye mabavu yaliyochongoka, akiigonga na kuikwaruza kwa chuma. Basi. Hapana ngoma wala tarumbeta, na hao wawili watosha kumshughulisha mtu usiku kucha. Aliuawa mwaka 1963, uhuru ukiwa mlangoni, naye angali kijana. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliushika mtindo huo wa baba.

Na aliimba kwa lugha gani? Kwa Kiswahili! Ni Kiswahili cha kwao, kweli, ambacho mzee wa Mji wa Kale akikisikia atatabasamu kidogo kwa jinsi ngeli zinavyopandana, lakini hapana neno litakalompita. Wimbo wake mashuhuri, Sengula Nakupenda, ulisikika mbali sana na Kisa. Kwa hiyo yatuhusu. Mtu aliyechukua lugha yetu akaimbia mapenzi na visa vya watu wake si mgeni kwetu.

Hata hilo gita lenyewe lina mkono wa pwani ndani yake. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani hii, alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliotumbuiza askari wa KAR katika Vita vya Pili, wakafika Bara Hindi na Burma. Vita vilipokwisha mwaka 1945 magita yaliingia vijijini pamoja na makoti ya jeshi. Kutoka upande wa pili zikaja sahani za Kongo, hasa za Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimnasa sauti mwaka 1952, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 akafika Nairobi kwa miguu yake mwenyewe. Vijana wa magharibi waliyasikia haya na yale, wakayatia katika vidole ambavyo tayari vilikuwa vimezoea kupiga litungu.

Litungu ndilo hasa linalotupeleka Bungoma. Ni zeze la Wabukusu, lenye nyuzi saba au nane zilizofungwa kwenye mti uliolazwa juu ya mikono miwili na kushuka hadi bakuli lililowambwa ngozi. Mjaluo ana ndugu yake, nyatiti, na Mkisii ana obokano. Mpiga litungu wa kweli si mtumbuizaji tu. Anazijua koo, anamjua nani kaoa wapi na nani kadhulumu nani, na akikutaja jina mbele za watu, kwa sifa au kwa kemeo, jambo hilo litazungumzwa mwezi mzima. Wasike wa Musungu ni mmoja wa walioifanya kazi hiyo hata jina lake likaenea. Ni kweli kwamba aghlabu palipopigwa litungu palikuwa na chungu cha busaa na mirija yake, na wengi katika wasomaji wetu hawatapenda majlisi ya namna hiyo. Wayaache hayo, wasikilize maneno. Watakuta maonyo na nasaba, na malalamiko ya mtu aliyefanya kazi asilipwe.

Malalamiko hayo ya kazi yanatufikisha Kitale. Reli ilifika huko mwaka 1926, na Trans Nzoia nzima ikawa mashamba ya walowezi. Wabukusu na Waluhya wengine walipanda huko kulima mahindi ya watu, wakalala katika kambi za vibarua, na jioni gita au litungu likatoka. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa, na wengine wakanunua ardhi palepale babu zao walipokuwa vibarua. Historia hiyo imo katika nyimbo kuliko ilivyo katika vitabu, na anayeitaka sharti azisikilize.

Wamarekani wana muziki wao unaofanana na huu kwa asili na hata kwa sauti. Ni bluzi za mashambani, zilizopigwa na watu weusi wa kusini, wajukuu wa watumwa, vibarua wa pamba: mtu mmoja, gita moja, dole gumba likifanya kazi ileile. Miaka ya 1920 makampuni yaligundua kwamba zinauzika, yakawanasa wengi. Moja katika makampuni hayo, Paramount, lilikuwa mali ya kiwanda cha viti huko Wisconsin. Walitoa sahani ili wauze na makabati ya santuri! Biashara ilipoanguka miaka ya 1930, hakuna aliyejali kilichobaki. Leo kuna nyimbo zilizosalia katika sahani moja au mbili tu duniani, zilizokwaruzika vibaya.

Kilichoziokoa si serikali wala kampuni kubwa. Ni vijana wachache waliokuwa wakigonga milango ya wazee wakiuliza kama wana sahani za zamani. Mwaka 1960 baadhi yao walianzisha kampuni ndogo mno, Origin Jazz Library, wakatoa sahani ya Charley Patton aliyekwisha kufa mwaka 1934, wakainakili kutoka sahani hizo mbovu. Mwaka 1963 wapenzi wengine wa muziki huo walimtafuta Mississippi John Hurt, aliyerekodi mwaka 1928 kisha akapotea, kwa kufuata jina la kijiji alilolitaja ndani ya wimbo wake. Wakamkuta Avalon palepale, mkulima mzee, hai. Alipiga gita mbele ya maelfu ya watu kwa miaka mitatu, akafariki mwaka 1966. Lau wangechelewa miaka minne, wangelikuta kaburi.

Upande huu na ule vilikutana mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1950, huko Kapkatet katika nchi ya Kipsigis, Hugh Tracey alinasa wasichana wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyekufa mwaka 1933, Mzungu aliyejifunza bluzi kwa watu weusi, ambaye sahani zake zilifika kwa santuri za wageni hadi milimani. Mkanda huo ulihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na nakala zikarudishwa kwa wenyewe katikati ya miaka ya 2010. Zaidi ya miaka 60!

Sasa tuulize kinachotukera. Kwa nini sahani ya Mukabi itoke Marekani, isitoke Kakamega? Na kwa nini mpiga litungu wa Bungoma au mpiga gita wa Kitale angoje mgeni mwenye mashine? Mtasema hapakuwa na kampuni huko. Ni kweli nusu. Msanii wa Bungoma wa miaka ya 1960 na 1970 aliyetaka kutoa sahani alikuwa na safari mbele yake: Nairobi, au Kericho, ambako Bwana Chandarana alikuwa na duka na studio, akatoa sahani ndogo za lugha nyingi za magharibi na Bonde la Ufa. Kericho ni mji mdogo wa chai. Kama Kericho iliweza, Kitale yenye mahindi yake haikushindwa kwa umaskini.

Wala mtaji haukuwa kisingizio hapa kwetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, hapakuwa na njia nyingine. Lakini baadaye Mombasa tulikuwa na Mzuri Records, na tukawa na Mbwana Radio Service. Hilo la mwisho lilikuwa duka la redio! Palirekodiwa na kuuzwa kanda za taarabu, sauti za akina Maulidi Juma, na mtu akitaka nakala aliipata dukani. Wafaransa wa Buda Musique walipotoa mwaka 2005 sahani ya miaka bora ya taarabu ya Mombasa, 1965 hadi 1975, walikuta kitu cha kunakili kwa sababu mtu wa hapa alikuwa amekwisha kukitoa. Kinachokosekana Bungoma ni duka kama lile, na mwenye duka anayependa muziki kuliko faida yake. Nairobi wako Ketebul Music, wanaofanya kazi hii tangu mwaka 2007 na wanaostahili heshima. Lakini Nairobi si Webuye, na watu wachache hawawezi kuifikia nchi nzima.

Liko na jambo la haki, ambalo wengi hulikwepa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, wimbo hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Sauti iliyonaswa hulindwa miaka 50 tangu mwaka iliponaswa. Mukabi alikufa 1963. Hesabu yake ilikwisha tarehe 31 Desemba 2013. Kuanzia siku hiyo, kwa sheria ya Kenya, mtu yeyote anaweza kuzichapa nyimbo zake akauza, na hadaiwi hata senti na watoto wake. Hatuwanyooshei kidole waliotoa sahani ya 2017. Kazi yao ni safi nasi twafurahi ipo. Twasema kwamba sheria ikinyamaza, dhamana inabaki juu ya shingo ya mtoaji. Kampuni ya nyumbani inayojua boma la marehemu liko wapi haina udhuru. Na nyimbo za miaka ya 1970, zile za sahani ndogo za Kericho na kanda za mwanzo, sauti zake zinatoka katika ulinzi mwaka baada ya mwaka, hivi sasa tunavyosema.

Nyimbo zisizo na mtunzi anayejulikana zina sheria nyingine, ya mwaka 2016, inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Inazitaka serikali za kaunti ziweke daftari la mali hizo. Bungoma na Trans Nzoia zimekuwa kaunti tangu 2013 na zina idara za utamaduni zenye bajeti. Mwananchi ana haki ya kuingia ofisini na kuomba aonyeshwe daftari: litungu limo? Majina ya wapigaji yamo? Kitale tena ina makumbusho, yaliyotokana na mkusanyo wa mlowezi Stoneham wa mwaka 1926 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1974. Nyumba ya kuweka sahani na kanda ipo. Ilikuwa tayari kwa vipepeo. Chumba kimoja cha sauti si ombi kubwa.

Si kila wimbo ni wa kuuzwa, na hapa twawaonya wenye haraka. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya miaka shufwa, na zipo nyimbo za alfajiri ya siku ile ambazo wenyewe hawazipigi arusini wala baani. Mwenye kunasa sauti aulize kwanza ipi yatoka na ipi yabaki. Sisi tulio na dhikri zetu na nyimbo za unyago za mama zetu tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Kazi ya kuanzia ni ndogo. Sahani 300 au 500 zatosha kuanzia, na asiyetaka sahani atumie njia za leo, kwani vijana wa stendi ya Kitale wanatia nyimbo katika simu za abiria kila siku bila studio yoyote. Tunalotaka kuliona juu ya kila nakala ni jina la mpigaji, jina la mwenye chupa pia, kijiji, mwaka, na nani kalipwa. Na mwenye sahani nzito za kale chini ya kitanda, Bungoma, Kitale au hata Mombasa, zile za shelaki zinazovunjika kama sahani ya udongo, azisimamishe wima, aziepushe na jua, na asimpe mnunuzi apitaye njiani kabla ya kupatikana mtu wa kuzinakili.