MASKINI WA NISHATI NDIYE ANAYELIPA ZAIDI



Wako wanaosema kwamba sisi wanakijiji tunamaliza kuni na mkaa kwa uzembe. Mimi nasema sivyo. Tunapoteza kwa sababu ya ukata.

Tazameni mafiga matatu. Sehemu kubwa ya joto lake huenda na upepo, sufuria hupata kidogo tu. Jiko banifu hulizuia joto lisitoke ovyo, kuni chache zikaivisha. Kina mama wanalijua hilo. Lakini jiko linataka fedha ya mara moja, na kuni za kuokota hazidai senti. Basi tunalipa kwa miguu, kwa macho mekundu na kwa kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Mkaa nao ni vivyo hivyo. Mwenye fedha hununua gunia, asiye nazo hununua kopo. Jumlisha makopo ya gunia zima uone nani kalipa zaidi! Na umeme je? Ada ya kuunganishiwa vijijini ni shilingi 27,000, lakini wayaringi ya nyumba ndiyo inayotushinda. Nguzo iko mlangoni, ndani tunawasha tochi.

Mwaka 2024 Serikali ilitoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini halifikiwi kwa maneno matupu. Kumwambia mtu atunze msitu huku hana kingine cha kupikia ni kumwambia alale na njaa.

Kwa hiyo napendekeza mkutano mkuu uamue hivi. Sehemu ya ziada ya mwaka huu iwe mfuko wa kukopesha majiko banifu na wayaringi, bila riba, deni likatwe kidogo kidogo kwenye malipo ya mazao. Pia tujenge banda la kukaushia kuni, maana kuni mbichi hula moto wake wenyewe.

Najua wengine wanataka ziada yote igawanywe. Ni haki yao kusema. Lakini ikigawanywa, kila mmoja atapata ya sabuni na chumvi, wiki mbili imekwisha. Ikikaa pamoja itazunguka nyumba hadi nyumba.

Njooni mkutanoni tubishane, kisha tupige kura.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.