Ng'ambo ya nani?

Neno "ng'ambo" halijitegemei. Ili lieleweke, sharti tujue kwanza msemaji amesimama wapi. Mtaa wa Ng'ambo kule Unguja ni ng'ambo kwa anayeutazama kutoka Mji Mkongwe. Uingereza nayo ina "maeneo ya ng'ambo". Hapo kale yaliitwa makoloni. Sheria ya uraia ya 1981 ikayaita maeneo tegemezi. Sheria ya 2002 ikayavika jina la sasa, ambalo halimchomi mtu sikio. Je, ni nini kingine kilichobadilika ila jina? Jibu limo katika kisa cha bangi huko Bermuda.

Visiwa hivyo vya bahari ya Atlantiki, vyenye watu wapatao 64,000, vina bunge tangu 1620. Mwaka 2017, kupatikana na bangi isiyozidi gramu 7 kuliacha kuwa kosa la jinai huko. Mwaka 2022 bunge likapitisha mswada wa kutoa leseni za kuilima na kuiuza. Gavana Rena Lalgie hakuutia sahihi. Septemba mwaka huo alitangaza kwamba London imemwagiza asiuidhinishe, kwani ungekiuka mikataba ya Umoja wa Mataifa ya 1961 na 1971.

Mimi si mtetezi wa bangi, wala hoja ya mikataba si ya kupuuzwa. Lakini Kanada nayo imefungwa na mikataba iyo hiyo. Bunge lake lilipohalalisha bangi mwaka 2018, idhini ilitolewa kwa jina la Malkia Elizabeth, malkia yule yule aliyetawala Bermuda, na hakuna waziri wa London aliyeombwa ruhusa. Basi tofauti haimo katika mmea wala katika mikataba.

Wapo watakaonijibu kwamba Wabermuda wenyewe waliukataa uhuru katika kura ya maoni ya 1995. Ni kweli, tena takriban robo tatu ya waliopiga kura waliukataa. Hata hivyo, mpangaji asiyetaka kuhama hajampa mwenye nyumba mamlaka ya kumchagulia kitoweo. Na waziri aliyetoa agizo lile hakuchaguliwa na Mbermuda yeyote. Watu wa Martinique, ambayo ni ng'ambo ya Ufaransa, angaa wana wabunge wao Paris; Bermuda haina hata mmoja London.