Maharagi bila kuni: nani kweli anamaliza msitu wa Virunga?

KANYARUCHINYA, Nyiragongo – Maharagi makavu hayaivi kwa maneno. Yanahitaji moto wa saa mbili, tatu, na moto unahitaji kuni. Kila mama aliyeishi chini ya shitingi hapa Kanyaruchinya anaijua hesabu hiyo. Wanaopanga msaada wa wakimbizi wa ndani nao wanaijua. Hata hivyo, tangu vita vya M23 vilipowafukuza watu wa Rutshuru na Kibumba mwaka 2022, mikutano imejaa hesabu za unga, maharagi na mafuta ya kupikia. Kuni ziliachwa ziwe shida ya mama.

Kisha ikaja lawama: wakimbizi wanamaliza parke, hawapendi mazingira, wafundishwe. Semina zikaitishwa, mabango yakachorwa. Lakini aliyegawa chakula kisicholiwa bila kupikwa, na asigawe cha kukipikia, alikwisha kuchagua msitu uwe ghala lake la kuni. Hana haki ya kumlaumu mama aliyemtuma huko bila kumwambia.

Hakuna anayeweza kusema hakujua, maana hili si jambo la jana. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma wakawekwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, kandokando ya Hifadhi ya Virunga. Kila siku maelfu ya watu waliingia msituni kutafuta kuni. Mpaka kambi zilipofungwa mwaka 1996, zaidi ya kilomita za mraba 100 za hifadhi zilikuwa zimeguswa na ukataji. Mwaka huo wa 1994 UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na haijaitoa mpaka leo.

Mwaka 2012 Kanyaruchinya ikajaa tena, wakimbizi wakatawanyika mwezi wa Novemba vita vilipoufikia mji wa Goma. Mwaka 2022 ikajaa upya. Februari 2025, wiki chache tu baada ya M23 kuingia Goma, kambi zikaachwa tupu. Shitingi ziling'olewa, lakini njaa ya kuni haikung'olewa. Familia zilizorudi Kibumba, Rugari na Rutshuru zinapika. Zilizobaki kwa ndugu na wenyeji nazo zinapika. Hapa watu wanaishi juu ya mawe ya volkano, ardhi ambayo hata mti wa kivuli unaota kwa taabu. Na mpaka wa parke hauko mbali.

Basi, nani anamaliza msitu? Tutofautishe kuni na makala. Mama wa kambini anabeba mzigo mmoja wa kuni mgongoni, mara nyingi matawi makavu, akapike kwenye mafiga matatu. Makala ni biashara nyingine kabisa. Ili kupata kilo 10 mpaka 20 za makala kwenye tanuru la udongo, unachoma karibu kilo 100 za miti. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti inapotea kwa moshi kabla gunia halijafungwa. Na makala hayo hayaendi kambini. Yanapanda chukudu, pikipiki na malori kwenda kwenye mbabula za Goma, mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Njiani kila bariera inachukua chake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka mingi jinsi makundi yenye silaha, FDLR ikiwemo, yanavyokula kutokana na makala ya Virunga. Mwenye tanuru ana mlinzi mwenye bunduki. Mwenye mzigo wa kuni ana kamba tu. Yupi ni rahisi kumkamata?

Nchi za kaskazini zina shida iliyo kinyume na yetu. Katika misitu ya Kanada, baridi na ukavu vinachelewesha kuni zilizokufa zisioze. Matawi, magogo na majani ya misonobari hurundikana mwaka hadi mwaka, na kiangazi kikali kikija, radi moja inatosha. Mwaka 2023 Kanada ilipoteza takriban hekta milioni 15 kwa moto. Watafiti wa moto wa huko wanaihesabu kila kuni iliyo chini ya mti: ni kavu kiasi gani, ni nene kiasi gani, iko karibu na nyumba kiasi gani. Serikali inalipa watu waiondoe, au waichome kwa mpango siku ya hewa tulivu.

Msitu wetu wa milimani ni wa unyevu, na gogo linalooza lina kazi yake: linalisha udongo na wadudu. Kwa hiyo haifai kusema kila mtu aingie parke abebe. Sheria ya uhifadhi ya 2014 inakataza, na ina sababu. Funzo la wenzetu wa kaskazini ni lingine: kuni ni kitu cha kuhesabiwa. Wao wanajua tani ngapi ziko msituni. Je, kuna ofisi Goma iliyobandika ukutani ni tani ngapi za kuni zilizohitajika na familia za Kanyaruchinya kwa wiki moja, na zingetoka wapi? Usipohesabu, huwezi kupanga. Na usipopanga, usishangae mti ukianguka.

Waliolipa deni la kutohesabu ni akina mama na mabinti. Kati ya tarehe 17 na 30 Aprili 2023, Madaktari wasio na mipaka walihudumia watu 674 waliobakwa au kudhulumiwa kingono katika kambi za kandokando ya Goma. Ni kama watu 48 kila siku. Wengi walishambuliwa walipotoka kutafuta kuni na chakula. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya sufuria moja ya maharagi. Walinzi wa hifadhi nao wamelipa: zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Virunga. Mlinzi na mama wanakutana msituni kama maadui, wakati aliyewagombanisha amekaa ofisini.

Wako watakaojibu kwamba wakimbizi wamekata hata miti mibichi, pamoja na mikaratusi ya wenyeji, na ugomvi umezuka. Ni kweli, na mwenyeji aliyepoteza shamba lake la miti anastahili fidia. Lakini jambo hilo linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Anayejua watu watapika, akawaacha bila kuni, amewapa wenyeji na wageni sababu ya kupigana. Wengine watasema kuni ni gharama. Kwani kumtibu binti aliyebakwa ni bure? Kupanda upya msitu ni bure?

Njia zinajulikana. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya kiutu yanasema yanaufuata, unataja jiko na cha kupikia kati ya mahitaji ya familia. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala umewasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe. Kuni za msaada zinunuliwe kwao. Briketi za takataka zilikwisha kujaribiwa hapa. Majiko yanayobana kuni yanatengenezwa na mafundi wa Goma. Kituo cha umeme cha Matebe, Rutshuru, kina nguvu ya megawati zaidi ya 13 tangu 2015. Umeme huo ukiwasha taa tu na usipunguze mbabula mjini, tanuru la msituni halitazimika.

Raia na waliohama wadai jambo moja lililo wazi: popote familia inapowekwa au kurudishwa, kila orodha ya chakula iwe na mstari wa kuni, ukiwa na kiasi, tarehe na jina la anayewajibika. Mashirika ya kiraia ya Nyiragongo yaulize swali hilo katika kila mkutano, kabla ya kupiga makofi. Na atakayesimama kuwafundisha akina mama kupenda msitu aulizwe kwanza, kwa heshima, mbele ya watu wote: leo, mama huyu apikie nini?