Mradi ukifika, cheti kiwe kimetangulia

Reli ya kisasa ya SGR imepita Kilosa na kazi imesonga mbele. Jiwe la msingi la kipande cha Morogoro hadi Makutupora liliwekwa Machi 2018, na Julai 2024 treni zikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Katika miaka hiyo milima ya Kilosa ilitobolewa mahandaki, madaraja yakasimama na stesheni ikajengwa. Sasa ujenzi uko magharibi, upande wa Tabora na Mwanza. Kwa wazazi wa Kilosa na Mikumi limebaki swali moja: vijana waliofanya kazi kwenye mradi ule walibaki na nini mkononi?

Si mara ya kwanza kwa wilaya hii kuona ujenzi mkubwa. Reli ya kati ilipita Kilosa enzi za Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914. Baadaye likaja tawi la kwenda Mikumi hadi Kidatu. Mradi huja, hukaa miaka michache, kisha huondoka na mitambo yake. Kinachobaki kwa kijana ni ujuzi alioupata na karatasi inayouthibitisha.

Getini kwa mkandarasi kuna foleni mbili. Ya kwanza ni ya vibarua: kubeba mchanga, kuchimba mtaro, kuchanganya zege. Hiyo haiulizi cheti, lakini malipo ni ya kutwa, na kazi ikipungua wao ndio wa kwanza kuambiwa wasije kesho. Ya pili ni ya mafundi: wafunga nondo, waashi, mafundi umeme, mafundi bomba, wachomeleaji, waendesha mitambo. Huko mtu huulizwa cheti, kisha hupewa kazi ya kumjaribu. Kijana mwenye nguvu na akili timamu anaweza kukaa foleni ya kwanza miaka mitano kwa sababu tu hakuna aliyemwandaa kwa ya pili.

Hapa ndipo hesabu ya mzazi inapoanza. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi tatu, na kila ngazi huchukua takriban mwaka mmoja pamoja na mafunzo ya vitendo kazini. Mradi mkubwa nao hutangazwa mapema kabla ya malori kuonekana. Mtoto anayeanza chuo pale habari zinaposikika kwenye redio, atakuwa na cheti kazi itakapopamba moto. Anayesubiri hadi aone kambi ya mkandarasi atakuwa amechelewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Chuo chenyewe hakiko mbali. Mikumi, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Kilosa, kuna chuo cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu ya fedha hizo huenda VETA. Kwa maneno mengine, kampuni zinazojenga zinachangia gharama za kufundisha mafundi. Ni hasara kwa familia iliyo jirani na chuo kama hicho kukipita kila siku kwenye basi bila kuingia kuuliza.

Kikwazo kikubwa mara nyingi ni aibu. Katika nyumba nyingi ufundi bado unaonekana ni wa waliofeli. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka vibaya ndipo baba anasema kwa hasira, "Basi kajifunze hata uashi." Mtoto anaingia chuoni akiwa ameshaambiwa kwamba hapo ni jalalani. Serikali yenyewe imebadili mtazamo huo: Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na baadhi ya shule zilianza amali mwaka 2024. Mazungumzo ya ufundi yanafaa yafanyike kabla ya mtihani, mtoto akiwa bado ana hiari ya kuchagua. Na binti asiachwe nje ya mazungumzo hayo. Kufunga umeme, kupaka rangi na kupanga vigae vinataka mkono makini, na mkono huo binti anao.

Vipi kwa kijana ambaye tayari ni saidia fundi na anajenga vizuri bila cheti? Njia ipo, inaitwa urasimishaji wa ujuzi. VETA humpima fundi kwa kazi anayoifanya, humwonyesha mapengo, humfundisha yale anayokosa, kisha humpa cheti. Hahitaji kuanza upya darasani kama mtoto. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi bila cheti nao hupotea vivyo hivyo, kwa sababu mkandarasi mgeni hamjui fundi wa Kilosa hata kama mtaa mzima unamsifu.

Mzazi asidhani kwamba reli ikimalizika kazi imekwisha. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache, na mafundi wengi walichukuliwa palepale vijijini. Zahanati, nyumba za walimu na nyumba za wageni kandokando ya Hifadhi ya Mikumi zinahitaji mikono ileile. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Vijana wenye vyeti wakijisajili kama kikundi wanaweza kuomba fedha za kununua mashine ya kuchomelea au vifaa vya bomba, wakaomba na kazi wao wenyewe.

Kabla ya kulipa ada, mzazi afunge safari hadi chuoni na kuuliza mambo manne. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET? Karakana ina vifaa vinavyotumika leo? Mwanafunzi atakwenda wapi kwa mafunzo ya vitendo? Wahitimu wa mwaka jana wako wapi sasa? Bajeti nayo isiishie kwenye ada, iwe na buti, ovaroli na vifaa vya kuanzia. Familia inayouza mahindi inaweza kutenga gunia moja au mawili kila msimu kuanzia mtoto akiwa kidato cha pili, ili siku ya kuripoti chuoni ikifika asiuzwe mbuzi kwa haraka na kwa bei ya hasara.