Tusichague Mgongo kwa Usasa
Mjomba wangu hapa Tabora kabeba magunia tangu ujana, kama wapagazi wa Kinyamwezi walivyobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Sasa diski ya kiunoni imesagika, na ukoo umegawanyika: pingili ziunganishwe kwa vyuma, au awekewe diski bandia? Wengi wanasema, "Bandia, ndiyo ya kisasa!" Mimi nakataa. Diski bandia huacha mgongo ujipinde, ila haifai mifupa iliyodhoofika. Kuunganisha hutuliza pingili, lakini huweza kuzizidishia mzigo pingili jirani. Basi tumuulize daktari: mifupa yake ikoje? Dawa na mazoezi vimejaribiwa vya kutosha? Atabeba tena? Halafu mjomba aamue mwenyewe. Mgongo ni wake, siyo wa kikao.