Daftari la wiki: Picha ya kuangalia na wazee

Jarida la Uingereza la Sight and Sound liliiweka *Citizen Kane* namba moja kwenye orodha yake ya filamu bora kwa miaka 50. Sina ugomvi na filamu hiyo, ila kwa mama mkubwa haina kumbukumbu yoyote. Yeye alikulia Unguja, na picha zake ni za Kihindi. Kila Ijumaa familia inapokusanyika kwake, mimi huanza kwa kumuuliza: ulipokuwa msichana, watu walipanga foleni kwa ajili ya picha gani? Jibu lake ndilo orodha yangu.

*

Wiki hii alijibu bila kufikiri: *Awaara*, ya mwaka 1951. Hakimu anamfukuza mkewe mjamzito kwa sababu ya shaka tu, mtoto anakulia mitaani na kuwa mwizi, na mwishowe baba na mwana wanakutana mahakamani bila baba kujua aliye mbele yake. Raj Kapoor ndiye mwongozaji na ndiye steringi. Niliwaambia vijana mapema kwamba hakimu ni Prithviraj Kapoor, baba yake mzazi, na kwamba yule Raj mdogo ni Shashi, mdogo wake wa tumbo moja. Basi wakakaa wakilinganisha pua na macho, na simu zikawekwa chini.

Picha ile inauliza kama mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa watu wa pwani, ambako posa haipokelewi kabla ya kuuliza "huyu ni mtoto wa nani?", hilo si swali la kuchezea. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji Wazanzibari wengi kuhusu sinema zao, alikuta *Awaara* bado imo vichwani mwao baada ya miongo mingi, pamoja na mabishano iliyoyazua juu ya mapenzi na haki ya kijana kujichagulia mwenzi. Niliyaona hayo sebuleni. "Mahakimu kama huyu hata kwetu walikuwapo, mwanangu," mama mkubwa alisema, kisha akaanza kisa cha posa moja iliyokataliwa katika ukoo wetu. Hakuna kati yetu aliyewahi kukisikia. Nilisimamisha picha, na haikuendelea mpaka baada ya chai.

Kwa hiyo rimoti mpe mtu mwenye subira. Mzee akisema, picha isimame. Mzee akiimba, iache iende.

*

Kuimba wataimba. Wazee wengi hawakukijua Kihindi. Walifuata nyuso, nyimbo na machozi, na aliyekosa kitu alimuuliza jirani yake kitini. Nyimbo nazo zilitoka ukumbini zikaingia harusini: Juma Bhalo wa Mombasa alitia maneno ya Kiswahili katika tuni nyingi za filamu za Kihindi. Usishangae basi Lata Mangeshkar akianza na shangazi akamjibu kwa Kiswahili. Hii ndiyo sababu siogopi picha zisizo na tafsiri chini. Maandishi yale ni madogo kwa macho ya mzee, na mara nyingi ni ya Kiingereza. Ongeza sauti, inatosha.

*

Jengo la sinema la Majestic bado lipo Vuga, Unguja. Lilifunguliwa mwaka 1921 kwa jina la Royal, likaungua, likajengwa upya mwaka 1955. Kila ninapopita hapo na mzee humwona akipunguza mwendo.

*

*Mughal-e-Azam* ya mwaka 1960 inachukua zaidi ya saa tatu. Ukumbini kulikuwa na mapumziko, na nyumbani yawepo pia. Anzeni baada ya Alasiri, msimamishe picha Magharibi, mle, kisha mmalizie.

*Mother India* ya mwaka 1957 ninaipenda kupita zote. Nargis hakuwa hata na miaka 30 alipoigiza mama anayezeekea shambani chini ya deni la mkopeshaji. Lakini mwishoni mama huyo anampiga risasi mwanawe mwenyewe. Kwenye nyumba yenye mzee aliyezika mtoto sitaipeleka, hata waiombe vipi.

*

Rafiki yangu wa Arusha aliniuliza amwekee babu yake nini. *Hatari!*, nikamwambia, ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika kwenyewe, John Wayne akifukuza vifaru kwa gari na ndama wa tembo wakikatiza mitaa ya mji. Mzee ataona mji wa ujana wake. Ataona pia Waafrika wakiwekwa nyuma ya kila tukio, katika nchi yao, na hilo linaniuma. Wajukuu wamuulize babu siku zile ilikuwaje.

*

Ijumaa ijayo ni zamu ya mjomba, na ametaka *Sholay* ya mwaka 1975. Katika mwisho ulioonyeshwa kumbini, polisi wanafika na kumchukua jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Mwisho uliopigwa kwanza ulikuwa mwingine: Thakur, ambaye Gabbar alimkata mikono, anamuua kwa miguu yake mwenyewe, na wakaguzi wa serikali ya India wakaukataa. Nitamwekea mjomba mwisho huo wa kwanza. Alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote, nami nataka kusikia atamhukumu vipi Thakur.