Nani Aliyesema Wenye Usonji Hawajui Kupenda?

Riwaya ya The Kiss Quotient ilipotoka Marekani mwaka 2018, wapenzi wa hadithi za mahaba waliipokea kwa mikono miwili. Mwaka uleule ikashinda kura ya wasomaji wa Goodreads katika kundi la riwaya za mapenzi. Hata hivyo, katikati ya sifa hizo ilizuka lawama ambayo haijaisha mpaka leo: Stella Lane, mhusika mkuu, eti hafanani na mtu mwenye usonji. Ana kazi nzuri ya hesabu za uchumi, anamtamani mwanamume, na penzi likitikisika anaumia. Kwa wasomaji wanaolaumu hivyo, mwenye usonji wa kweli hawezi kuwa hivyo.

Lawama hiyo haina msingi. Tena inawadhuru watu.

Helen Hoang, mtunzi wa riwaya hiyo, ana usonji. Alikuwa amepanga kuigeuza hadithi ya filamu ya Pretty Woman ya mwaka 1990, safari hii mwanamke awe ndiye mwenye fedha na mwanamume awe ndiye anayelipwa. Akakwama: mwanamke msomi mwenye kipato kizuri atamlipa mwanamume kwa sababu gani? Jibu lilianzia kwa mwalimu wa binti yake, aliyegusia kwamba huenda mtoto ana usonji. Hoang akaanza kusoma kuhusu hali hiyo, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyojitambua yeye mwenyewe. Mwaka 2016 wataalamu walimthibitishia. Kwa hiyo msomaji anayesema Stella si wa kweli anamfundisha mwanamke mwenye usonji namna mwenye usonji anavyotakiwa kuwa.

Msomaji huyo ameyatoa wapi mamlaka hayo? Wengi waliujua usonji kupitia Rain Man, filamu ya mwaka 1988 ambamo Dustin Hoffman anaigiza mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu asiyeweza kujenga uhusiano wa karibu na mtu. Kim Peek ndiye aliyempa mtunzi wa filamu hiyo wazo la mhusika huyo, na wataalamu waliomchunguza baadaye waliona yaelekea alikuwa na tatizo jingine la kurithi, si usonji. Mamilioni ya watu wamewapima wenye usonji kwa mfano wa mtu ambaye huenda hakuwa nao.

Sayansi nayo ilichangia. Mwaka 1985 watafiti watatu wa London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, waliwapa watoto jaribio la kukisia mwanasesere aliyetoka chumbani ataitafuta wapi gololi yake iliyohamishwa akiwa hayupo. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walikosea. Jaribio hilo lilipima uwezo wa kukisia mawazo ya mwingine, wala halikumuuliza mtoto kama anampenda mama yake. Lakini lilipofika mitaani likawa ushahidi kwamba watu hawa hawana huruma wala mapenzi.

Utafiti wa baadaye umeonyesha upande uliosahauliwa. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh walichapisha utafiti ambamo watu walisimuliana habari kwa zamu, mmoja akimpa mwenzake. Wenye usonji watupu waliifikisha habari sawasawa na wasio na usonji watupu. Ilipotea zaidi pale makundi hayo mawili yalipochanganywa. Kama wenye usonji wangekuwa wamefungwa ndani ya nafsi zao, habari ingekufa mikononi mwao, na haikufa.

Imani kwamba wenye usonji hawajui kupenda inapomwingia mwenye usonji mwenyewe, madhara yake ni makubwa zaidi. Hoang aliyaonyesha katika riwaya yake ya pili, The Bride Test, ya mwaka 2019. Khai Diep anafiwa na Andy, binamu yake na rafiki yake mkubwa, katika ajali ya pikipiki. Kwenye mazishi kila mtu analia isipokuwa yeye, na kutokana na ukavu huo wa macho anajihukumu kwamba hana moyo wa kupenda. Miaka inapita akiikimbia ndoa kwa kuamini hivyo, ilhali msomaji anaona wazi kwamba kijana huyu amevunjika kwa huzuni asiyojua kuitaja.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hali hiyo. Matangani kwetu macho makavu huhesabiwa: fulani hakulia, fulani hana uchungu na marehemu. Kwa kijana mwenye usonji, ambaye makelele na msongamano wa msibani vinaweza kumwelemea mpaka akaganda, hukumu hiyo ni ya kikatili.

Wako pia waliotaka Stella aponywe na penzi, yaani akishapendwa, usonji upungue. Hoang aliwanyima, na alifanya vizuri. Mpenzi wa Stella, Michael Phan, ni mshonaji wa nguo. Stella, ambaye mishono ya nguo humkera ngozi, anapata mtu anayelichukulia jambo hilo kwa uzito. Hamgeuzi kuwa mtu mwingine.

Riwaya ya tatu, The Heart Principle ya mwaka 2021, iliwakera baadhi ya wasomaji. Anna Sun, mpiga fidla, anagundua ukubwani kwamba ana usonji, na dada yake anakataa katakata kuamini. Baba yao anapougua, Anna anamuuguza mpaka nguvu zinamwishia. Wasomaji walilalamika kwamba ni mnyonge mno, hajitetei. Hoang ameeleza kwamba mengi ya kitabu hicho yametoka katika maisha yake. Walimwita Stella imara kupita kiasi kwa mwenye usonji, na Anna dhaifu kupita kiasi kwa mhusika mkuu.

Ipo hoja moja ya haki. Stella, Khai na Anna wote wanazungumza vizuri na wanajitegemea kwa kipato, na wako watu wenye usonji wasiotamka neno au wanaohitaji msaada kila siku. Hoja hiyo inadai vitabu zaidi, na vingine vimeanza kuja: mwaka huohuo wa 2021 Talia Hibbert wa Uingereza, mwandishi mwenye usonji, alitoa Act Your Age, Eve Brown, ambamo wapenzi wote wawili wana hali hiyo.

Afrika Mashariki, kila tarehe 2 Aprili, siku ya kimataifa ya usonji, mazungumzo huwa zaidi juu ya watoto. Watoto hao wanakua. Watapenda, watachumbia na kuchumbiwa, wataachwa na watalia, au wataumia bila kulia. Mzazi, mwalimu, shehe, mchungaji: msiwatangulie kwa kuwaambia mapenzi si yao. Na msomaji utakayekishika kitabu cha namna hii, weka pembeni mfano ulioupata kwenye filamu, umsikilize mwenye hali hiyo anavyojieleza.